Mwalimu Aliyetuvua Miwani

Kabla ya kila mchezo, mwalimu wetu wa michezo alivua kofia yake, akaigeuza juu chini, akapita nayo mbele ya mstari wetu kama shemasi anayekusanya sadaka. Sadaka hakuitaka. Alitaka miwani.

"Weka," alisema. "Uwanjani tunaingia na macho aliyotupa Mungu."

Shule nzima ilikuwa na watoto watatu wa kuvaa miwani. Kulikuwa na Kagendo wa darasa la saba, msichana mrefu asiyeogopa mtu. Kulikuwa na Mutuma wa darasa la tano, ambaye vioo vyake vilikuwa vinene kama kitako cha chupa ya soda. Na mimi wa darasa la sita. Kila mmoja wetu aliitwa macho manne, na tukionekana pamoja tuliitwa macho kumi na mawili, kwa sababu shule yetu haikuwa dhaifu katika hesabu.

Miwani yangu ilitoka hospitali ya misheni, na fremu yake ya kahawia ilinikaa usoni kama dirisha lililopachikwa kwenye nyumba isiyo yake. Baba alisema amenivisha kahawa ya msimu mzima puani, na kwamba nikianguka, nianguke chali.

Mwalimu huyo alizaliwa wapi, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Sisi tuliamini alizaliwa na filimbi shingoni. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate, na soksi zilizofika magotini. Mvua ikinyesha alivaa gamubuti, na ndani ya gamubuti hizo alikimbia kutushinda sisi tuliokuwa miguu mitupu. Mfukoni mwake hamkukosa njugu. Alizitafuna wakati wa mchezo, na akitaka kupiga filimbi ilibidi kwanza ameze, hivyo makosa yetu yaliadhibiwa baadaye kidogo, tukiwa tumeshayasahau.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Githongo. Uwanja ulizungukwa na kahawa pande tatu, na upande wa nne ilipita barabara ya kwenda kiwanda cha kahawa. Ulikuwa na mteremko, kiasi kwamba timu iliyocheza kuelekea chini ilifunga mabao, kisha nusu ya pili timu nyingine nayo ikafunga. Mwalimu aliuita mteremko ule haki. "Kila mtu atapanda na kila mtu atashuka," alisema, na sijasikia mahubiri mafupi kuliko hayo.

Misemo alikuwa nayo mingi, na mingi haikuwa na maana. "Mpira haumheshimu mwenye digrii." "Mtu akikimbia huku anacheka, ameiba kitu." Wa miwani ndio alioupenda zaidi: "Miwani ni ya kusoma. Uwanjani kuna nini cha kusoma?" Kagendo alimjibu siku moja kwamba kuna ubao wa mabao. Alipewa kazi ya kuzunguka uwanja mara nne, bila miwani, na akazunguka mara tano kwa makusudi.

Sasa niseme jambo ambalo shule nzima haikulijua ila sisi watatu. Mwalimu hakuwa anaona mbali.

Asiyevaa miwani hawezi kugundua. Sisi tuligundua wiki ya kwanza, jinsi mlevi anavyomjua mlevi mwenzake hata kanisani. Tulijua namna anavyokunja jicho moja. Tulijua kwa nini darasani hakusoma kitabu hata siku moja, asionekane akikigusisha pua, ila kumwita mtoto: "Soma kwa sauti, wengine wapate baraka." Tulijua kwa nini alisalimia kila gari lililopita, hata lile la kubeba maiti, kwa mkono wa furaha. Siku moja, katikati ya mechi, ndama wa jirani aliingia uwanjani akasimama karibu na goli. Mwalimu alimeza njugu, akapiga filimbi, akanyoosha mkono. "Nambari saba! Umeotea!" Nambari saba alikuwa nyumbani na matumbwitumbwi. Watu walicheka wakidhani ni mzaha wa mwalimu, naye aliposikia kicheko akacheka pia, sekunde mbili baada ya wengine.

Lakini hakuwa tayari kuvaa miwani yake mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, na alikuja na mpwa wake kutoka chuo cha ualimu, kijana wa raba nyeupe aliyejua kupuliza mipira kwa pampu ya miguu. Kila mtu alijua kwamba filimbi inatafutiwa njia ya kuhamia kwake. Mwalimu wa michezo ambaye haoni angepewa kazi ya kutunza stoo ya majembe, na filimbi ndiyo iliyokuwa heshima yake yote. Nilimsikia akimwambia mwalimu wa darasa la tatu, aliyemshauri aende hospitali: "Refa mwenye miwani ni kama mchinjaji anayeogopa damu. Nani atakula nyama yake?"

Basi ikafika siku ya riadha, wazazi wamejaa, mama wa uji wamepanga mitungi. Mwalimu alikaa kwenye kiti pale mwisho wa mbio, kofia mapajani, miwani yetu ndani. Mimi nilikuwa karibu naye nikingojea zamu yangu, nikaona jambo zima, kadiri nilivyoweza kuona.

Alichukua miwani ya Kagendo kama mtu anayeifuta. Akaivaa. Akaivua. Akachukua ya Mutuma, akaivaa, akasimama, akashika kiti kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto kwa daraja la kamba. Akaivua upesi. Kisha akavaa yangu.

Aliitazama kahawa, jani moja moja. Aliwatazama wazazi. Akainua kichwa akautazama mlima, kama mtu aliyesimuliwa habari za mgeni kwa miaka mingi na leo wamekutana. Halafu akatazama kona ya mbali ya uwanja, na mdomo wake ukafunguka njugu zikaonekana.

Kwenye kona ile, kama nilivyoambiwa baadaye, bingwa wetu wa mbio ndefu, aliyekuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo, alikuwa akikata njia ndani ya kahawa.

"Wewe!" Mwalimu hakumeza hata njugu. "Rudi! Rudi kwenye kahawa uingie tena kwa adabu!"

Mama mmoja wa uji alipiga makofi. "Kumbe huyu mwarimu huona mpaka kule!"

"Huyo ni mwewe," mwenzake alisema. "Na si amevaa miwani ya watoto?"

"Anazitunza tu zisivunjike. Ana mapenzi na watoto huyo."

Saa ile ile akawa mwewe. Sifa zake zilifika Nkubu kabla jua halijatua, na miwani iliyomfanya mwewe ilikuwa yangu.

Mbio zangu zilikuwa za mita mia nane, na nilianza vizuri. Sikuwa naona watu, niliona rangi. Timu yetu ilivaa nyekundu, hivyo niliona kitu chekundu mbele yangu, nikakifuata kwa moyo wote. Nilishangaa tu kwamba kelele za watu zinapungua na kwamba sasa tunapanda. Kile chekundu kikasimama, kikageuka. Alikuwa mzee mwenye gunia jekundu la kahawa mgongoni.

"Kijana, unanifukuzia nini? Nimeiba?"

"Niko kwenye mbio, baba."

"Mbio gani? Hii si barabara ya kiwanda?"

Niliporudi uwanjani washindi walikuwa wanakunywa uji. Mwalimu alinitazama kupitia miwani yangu mwenyewe.

"Nilikuona ukitoka getini," alisema. "Nilikuona vizuri sana."

"Mbona hukuniita, mwalimu?"

"Nilidhani unaenda haja."

Muhula uliofuata Kagendo alianzisha vita. Alikata kipande cha blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi, akatoboa matundu mawili, akaifunga miwani nyuma ya kichwa ikakaza kama kifuniko cha mtungi. Kofia ilipopita mbele yake kabla ya netiboli, hakuweka kitu.

"Weka," mwalimu alisema.

"Hii haianguki, mwalimu. Vuta uone."

"Sheria ni sheria."

"Na wewe mbona unavaa?"

Mstari wote ulimgeukia mwalimu. Hata mpwa wa mwalimu mkuu, aliyekuwa akipuliza mpira kando, aliacha kukanyaga pampu. Kwa mara ya kwanza nikamwona mwalimu akiogopa.

"Mimi sichezi," alisema. "Mimi natazama."

"Na mimi nisipotazama nitacheza nini?"

Alimpita. Aliendelea na kofia yake hadi mwisho wa mstari. Kagendo alipigwa na mpira usoni dakika ya pili, pua ikavimba, miwani haikutikisika, akafunga mabao tisa. Jumatatu kwenye paredi mwalimu alitangaza, kana kwamba ni jambo alilooteshwa na Mungu, kwamba kuanzia leo miwani iliyofungwa kwa mpira itaingia uwanjani.

Nilikimbia nyumbani nikakata blada ya baiskeli ya baba. Baba alitembea kwa miguu wiki mbili, na kiboko alichonipiga sikukihisi kwa furaha. Ijumaa nikasimama kwenye mstari na miwani yangu imekazwa hadi masikio yanauma. Kofia ikaja. Ikampita Kagendo. Ikampita Mutuma, naye amefunga yake. Ikasimama mbele yangu.

"Yako ni dhaifu," mwalimu alisema.

"Ni mpira ule ule, mwalimu."

"Sisemi mpira. Nasema vioo. Vioo vyako ni vya thamani."

Ikawa hivyo. Katika shule ya watoto mia sita, sheria ya miwani ilibaki na mtoto mmoja.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda kwa mwalimu mkuu nikasema. Sentensi moja tu ingetosha, filimbi ingehama siku hiyo hiyo, na mimi ningekimbia nikiona. Niliifanyia mazoezi sentensi hiyo nikiwa nachunga mbuzi. Lakini mwalimu alinilipa kwa njia yake. Kwa kuwa alihitaji miwani kila alipokwenda, alihitaji na pua ya kuibeba, basi akanitia katika kila timu. Nilikuwa katika mpira, voliboli, mbio za kupokezana vijiti, hata kwaya ilipokosa mtu. Sidhani kuna mchezaji mbovu kuliko mimi aliyesafiri sana kama mimi. Watoto wenye vipaji walibaki Githongo wakipalilia kahawa, na mimi nikapanda lori kwenda Meru, Chuka, hadi Embu.

Embu nilifika mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sikuiona. Miwani ilikuwa puani kwa mwalimu tangu asubuhi hadi jioni. Nilisikia harufu ya vumbi jekundu na ndizi za kuchoma, nikagusa ukuta wa jengo refu, nikacheza beki wa kushoto dakika tisini bila kuugusa mpira. Tulipopanda lori kurudi, mwalimu alinirudishia miwani ikiwa safi kuliko nilivyompa, imefutwa kwa mkia wa shati lake, kisha akakaa karibu nami juu ya magunia akanisimulia mechi niliyocheza. Alinieleza nani alimpa nani pasi. Alinieleza bao la tatu lilivyoingia.

"Na mimi nilikuwa wapi?" niliuliza.

"Wewe ulikuwa mahali pazuri," alisema. "Lilipita karibu yako sana."

Hakuwahi kunidanganya kwamba nilicheza vizuri. Alinipa tu nilichokosa, dakika kwa dakika, hadi giza likaingia na lori likafika kwetu. Na mkono wa miwani ulipovunjika mikononi mwake, alikwenda Meru mjini kwa baiskeli kwa fundi wa saa, mzee mmoja Mwislamu nyuma ya soko, akarudi nao umeungwa kwa waya wa shaba, na baba hajui hadi leo.

Nilisoma hadi kidato cha nne, halafu sikukaa mahali pamoja. Nimefunga maua Timau ambako baridi huingia hadi kwenye meno. Nimepakia mchanga Kiritiri. Embu nimeishi mara mbili, na mara ya kwanza nilizunguka mji mzima siku tatu nikiutazama kama mtu anayekagua deni. Ndugu zangu husema nina miguu ya mbwa. Mimi nadhani nazunguka kutazama nilikopelekwa bila macho. Na kila ninapopita shule wakati wa michezo, nasimama kwenye ua. Siku hizi katika timu moja utakuta watoto wanne wa miwani, na kamba maalumu ya kufungia nyuma, wanapiga mpira kwa vichwa bila wasiwasi. Huwa nawaonea wivu hadi mlinzi anakuja kuuliza natafuta nani.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kumwona mama, nikasikia madaktari wa macho wamekuja kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikwenda kubadilisha vioo. Foleni ilikuwa ndefu, na mbele yangu kulikuwa na mzee wa kaptura ya kaki.

"Muuga, mwalimu," nilimsalimia.

Hakunitazama. Aliinamisha sikio. "Rudia."

"Muuga."

"Macho manne!" alipiga kelele hadi foleni ikageuka. "Wewe bado uko hai? Uko wapi siku hizi?"

"Kila mahali."

"Najua. Ni mimi nilikuharibu." Alinishika mkono akanivuta, akashusha sauti. "Mungu amekuleta. Nisikilize. Bado napiga filimbi Jumamosi, watoto wa pale shuleni. Sasa kamati ya wazazi inasema nilete barua ya daktari kwamba naona, ama niwape filimbi. Unaona ujinga huo?"

"Na unaona, mwalimu?"

"Naona ya kutosha."

"Mimi nimevaa shati la rangi gani?"

"Usinipotezee wakati. Pale ndani kuna karatasi ukutani. Ina alama kama uma, nyingine imeangalia juu, nyingine kando. Muuguzi akigusa alama, unaonyesha kwa mkono imeangalia wapi. Mstari wa mwisho ndio wanataka. Mlango uko wazi, wewe na vioo vyako unaona kutoka hapa. Nisomee, niuweke kichwani."

Nilitazama. Niliuona mstari vizuri, alama tano. Juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Aliningojea, jicho moja limekunjwa kama zamani, na kwa karibu hivyo niliona kwamba katikati ya macho yote mawili kuna ukungu mweupe kama uji uliopoa. Huyu hakuwa tena mtu wa kuazima miwani. Hakuna miwani ya mtoto yeyote ambayo ingemsaidia.

"Chini," nilimwambia. "Kushoto. Kushoto. Juu. Kulia."

Aliurudia mara sita midomo ikicheza. Jina lake likaitwa, akaingia kifua mbele. Muuguzi, msichana mdogo, aligusa alama ya kwanza ya mstari wa mwisho na mwalimu akaanza. Mkono chini! Kushoto! Kushoto! Juu! Kulia! Aliashiria kwa nguvu kama refa wa fainali, hata hakungoja fimbo ifike kwenye alama ya pili.

Muuguzi alishusha fimbo. "Mzee, umekosa zote."

"Haiwezekani."

"Ndiyo ninashangaa. Hata mtu akibahatisha hupata moja. Wewe umekosa zote tano, na umezikosa kwa mpangilio. Nani amekufundisha?"

Mwalimu aligeuza kichwa polepole kuelekea mlangoni. Hakuniona, lakini alijua niko wapi. Watu wa foleni walianza kucheka, naye hakucheka, hata sekunde mbili baadaye. Daktari alikuja na tochi, akamulika, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba gari la kwenda hospitali kuu linaondoka saa nane, upasuaji ni wa muda mfupi, na wameona wazee kuliko yeye wakitoka wanasoma gazeti.

Nilimkuta nje kwenye benchi, mikono magotini, filimbi ikining'inia.

"Ulinipangia," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikukosea nini?"

"Nianzie wapi?"

Alifikiri. "Basi, usianze." Akaishika filimbi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Wakikata wakaharibu, hata hii ya kutosha itapotea. Nitakaa nyumbani nisikilize kuku."

"Ukibaki hivi utamsikiliza kuku mwaka kesho."

"Na kama ungenisomea vizuri?"

"Ungepata barua, na Jumamosi ungempa ndama kadi nyekundu."

Alinitukana kwa Kimeru, tusi la zamani ambalo vijana hawalijui tena. Halafu akasimama, akanyoosha mkono upande ambao siko. "Utakuja nami. Wewe ndiwe umeleta maneno haya."

Nilichukua vioo vyangu vipya, tukapanda gari la saa nane, akapasuliwa jioni ile, nami nikalala kwenye kiti wodini. Asubuhi muuguzi alifungua bandeji ya jicho la kulia. Mwalimu alitazama ukuta. Akatazama dirisha, mikono yake mwenyewe, kikombe. Akanifikia mimi, akakaa hapo muda mrefu.

"Una mvi."

"Ninazo, mwalimu."

"Na hiyo ndiyo sura uliyokuwa nayo siku zote?"

"Ndiyo."

"Pole sana," alisema.

Daktari alimwandikia barua: jicho hili linaona, la pili litafanywa baada ya miezi miwili. Akamwonya asiiname, asibebe mzigo, na asipige filimbi kwa majuma manne, maana nguvu ya pumzi itamrudisha kitandani. Mwalimu alikunja barua akaitia mfukoni, mfuko wa njugu.

Tulitoka kwa miguu kuelekea stendi. Njiani kuna shule, na watoto walikuwa wanacheza mpira, wasichana na wavulana pamoja, mwalimu wao kijana akiwa katikati na simu mkononi. Mwalimu wangu alisimama kwenye ua. Alishika waya kwa mikono miwili. Mpira ulikwenda upande huu, ukarudi upande ule, na kichwa chake kikafuata bila kuchelewa hata kidogo.

"Ameshika," alisema.

"Nani?"

"Nambari nne. Ameushika kwa mkono, akauangusha. Hukuona?"

Sikuona, na nilikuwa na vioo vipya. Refa hakuona pia. Mchezo ulikuwa unaendelea, nambari nne anakimbia kuelekea goli huku anacheka. Nilimkumbusha mwalimu maneno ya daktari, naye akaniambia kwamba daktari alitaja filimbi, vidole hakuvitaja. Akatia viwili mdomoni, na uwanja wote ukasimama, watoto na refa wao, wakigeuka huku na huku kumtafuta mtu aliyeona.